Mwanga Usiogeuka Njano

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu ya kwanza yamekaa juu ya mji tangu asubuhi, na kazi ya chini imeanza. Kila msimu wa mvua ni hivi hivi. Maji ya mji mzima yanaingia kwenye handaki la zamani linalopita chini ya soko na chini ya shule, na takataka zote zinakwenda kunasa kwenye wavu wa chuma ulioko mle ndani. Wavu ukiziba, soko linageuka bwawa. Kwa hiyo mvua ikitulia, wanaume wawili wanashuka na makoleo na ndoana kuuzibua. Wanaoshuka ni mume wangu, Baba Mapacha, na mdogo wake, yaani shemeji yangu. Wa tatu anabaki mlangoni kutazama mbingu, naye tunamwita Filimbi, maana akiona wingu baya linatoka upande wa vilima anapuliza, na walio chini wanatoka bila kuuliza. Mimi ni mtunza stoo. Stoo yenyewe ni chumba kimoja cha matofali juu kabisa ya ngazi za kushukia, na nikikaa kwenye kiti changu nasikia handaki likipumua.

Leo Injinia ameleta tochi mpya. Injinia ndiye mkubwa wetu wa kazi, binti mwembamba asiyependa porojo, na tochi hizi amezipigania ofisini mwaka mzima. Nzito, nyeusi, kichwa kipana, na kwenye boksi imeandikwa kwamba mwanga wake unafika mbali kuliko ninavyoweza kutembea bila kupumzika. Tukazifungua kwa shangwe. Betri hazimo. Filimbi alicheka mpaka akakaa chini. Injinia hakucheka. Aliniambia, "Mama Mapacha, betri utachagua wewe. Za kuchaji, zenye nguvu. Uliza, jaribu, usinunue kwa macho."

Nilipomweleza mume wangu jioni, alisema tochi za zamani zina ubaya gani. Tochi za zamani zinakula betri nene za redio na mwanga wake ni wa kuombaomba. Ila yeye na mdogo wake wana sheria waliyorithi kwa waliowatangulia: mwanga ukianza kuwa njano, geuza kisigino. Mle chini hawatazami saa, wanatazama rangi. Ukiwa mweupe, fanya kazi. Ukiwa njano, toka. Ukiwa mwekundu, ulishachelewa zamani.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mia kwa Mia. Ndivyo tunavyomwita muuza taa wa barabara ya nyuma, kwa kuwa kila kitu dukani kwake ni kizuri mia kwa mia, hata vilivyovunjika. Alinimwagia betri kaunta nzima. Zenye ganda la bluu, za zambarau, za dhahabu, na kila moja ina namba ya kuonyesha inabeba chaji kiasi gani. Nikachagua yenye namba kubwa kuliko zote. Ni nani angechagua ndogo?

Alhamisi, 6 Machi

Namba kubwa, kazi hakuna. Tochi iliwaka kama radi, sote tukashangilia, kisha kabla sijamaliza kufagia stoo ikawa imenywea na moto kama pasi. Shemeji kasema labda nayo imeogopa kushuka.

Ijumaa, 7 Machi

Injinia alikuja na betri moja yake mwenyewe, ya tochi ya nyumbani kwao. Namba yake ni ndogo, nusu ya ile niliyonunua haifiki. Tulikwenda wote mpaka kwa muuza misumari mwenye mzani wa sahani mbili, akaweka yake upande huu na yangu upande ule. Yake ikashuka chini ikatulia, yangu ikapanda juu. Muuza misumari naye akainama kutazama. Nilisimama pale nikiona aibu na maajabu kwa pamoja, kwamba nguvu ya mwanga ina uzito, na unaweza kuupima mahali wanapopimia misumari.

Njiani alinifundisha, nami naandika nisisahau. Kuna inachobeba betri, na kuna inachoweza kutoa kwa mara moja. Tangi linaweza kuwa kubwa na bomba lake jembamba, na tochi kama hizi zina kiu, zinataka bomba pana. La tatu ni kinga, kidude kidogo chini ya betri. Betri ya namna hii ikinyonywa mpaka tone la mwisho inaharibika, na ukiichaji tena inaweza kuwaka moto mikononi mwako. Kinga inakata kabla haijafika huko. Na betri mbili zinazoingia tochi moja ziishi pamoja na kuzeeka pamoja, usichanganye mpya na kuukuu.

Mia kwa Mia niliporudi kwake hakubisha. Na yeye kauziwa za bandia, kasema, na uso wake ulionyesha hivyo. Ataagiza za kweli.

Jumapili, 9 Machi

Manyunyu tu. Mapacha wamegombana kuhusu kitana.

Jumatano, 12 Machi

Zimefika. Ganda la kijani, namba ya kiasi, na ukizitia kiganjani zinaukalisha mkono. Mzani wa misumari umezikubali.

Nimeziweka mbili mbili na kila jozi nimeitia alama kwa rangi ya kucha ya binti zangu: jozi nyekundu, jozi ya waridi, jozi ya zambarau. Mabinti wamelalamika kwamba chupa zimebaki nusu. Nimewaambia mambo ya mapacha nayajua kuliko mtu yeyote mji huu, hata hizi nitazilea.

Nimewasha tochi stoo nikaielekeza ukutani kuona itadumu vipi. Mwanga mweupe, umetulia, haupepesi. Boksi la tochi linajisifu kwamba mwanga utakuwa vile vile mwanzo hadi mwisho, na kweli, kila nikiinua macho uko vile vile. Mchana nikaenda kununua sabuni, niliporudi niliikuta imezimika. Imekaa muda mrefu kuliko zamu yoyote ya chini. Nilijisikia kama niliyeshinda kitu.

Kabla ya kufunga tulitia jozi nyingine, tukatoka nyuma na kuielekeza mlimani. Jua lilikuwa limezama tu. Tangi la maji lililoko kileleni, ambalo tangu nihamie hapa naliona kama kitone, lilitokea ghafla, jeupe, na ngazi yake na mpini wa mlango wake. Filimbi alivua kofia.

Ijumaa, 14 Machi

Wameshuka leo na tochi mpya kwa mara ya kwanza.

Mume wangu ni mtu wa maneno. Akirudi kazini anaanza kusimulia akiwa bado barabarani. Leo aliingia, akanawa, akakaa, akala, kimya. Nikadhani ameumia. Nikamuuliza, akatikisa kichwa. Mabinti walipokwenda kusoma ndipo akasema, na alisema polepole, kama mtu anayeogopa kutia chumvi.

"Mama Mapacha, kule chini kuna paa."

Nikamwambia kila handaki lina paa, la sivyo lingekuwa mtaro. Akasema sielewi. Pale wanapopaita Ukumbini, ambapo mitaro mitatu inakutana na ndipo ulipo wavu, yeye amefanya kazi tangu hajanioa, na mwanga wake haukuwahi kufika juu. Juu palikuwa giza tu, unasikia matone yakidondoka usijue yanatoka wapi. Leo shemeji aliinua tochi akitafuta popo. Koleo lilimdondoka mume wangu mkononi.

"Kukoje?" nikamuuliza.

Akasema nitashuka nikaone mwenyewe, yeye hana maneno. Miaka yote ya ndoa sijamsikia akisema hana maneno.

Jumamosi, 15 Machi

Amesimulia tena paa, safari hii kwa mikono. Mapacha wameanza kumwiga.

Jumatano, 19 Machi

Mvua haikunyesha jana wala leo, na Injinia alisema kama nataka kushuka nishuke leo. Nilivaa gambuti za shemeji na soksi mbili mbili. Nimekaa juu ya ngazi zile misimu mingi, nikigawa makoleo na kupokea makoleo, na sikuwahi kupita kipago cha tatu. Niliogopa, nasema ukweli. Harufu ni ya matope na chuma, baridi inakuja na kuondoka, na ukiongea sauti yako inakwenda mbali halafu inarudi imezeeka.

Ngazi zinaishia kwenye kibaraza cha mawe, na mbele ya kibaraza ndipo Ukumbini penyewe, chini kidogo, maji yakipita kifundoni. Mume wangu aliniambia nizime tochi yangu kwanza. Tukasimama gizani, yeye kanishika kiwiko. Kisha akawasha yake, akaielekeza juu.

Nimejaribu kuandika sehemu hii mara tatu.

Ni paa la duara, refu, refu kuliko nyumba yoyote niliyoingia maishani. Matofali madogo madogo yamepangwa mviringo ndani ya mviringo, yakipanda na kupungua mpaka katikati kabisa, ambapo kuna tofali moja tu. Hakuna lililopotoka. Chokaa imechuruzika juu yake kwa miaka isiyohesabika mpaka paa zima limekuwa jeupe, nalo likipigwa na mwanga halikai nao, linaumwaga chini kila mahali. Nilikuwa namwona mume wangu uso mzima, na kucha zake, na uzi uliotoka kolani, ingawa tochi haikuelekezwa kwake. Na upande mmoja mizizi ya mti mkubwa ulioko mbele ya shule imepenya, ikaning'inia myembamba kama nywele zilizotoka kuoshwa, na kila ncha ina tone.

Nililia. Sijui kwa nini. Shemeji alijifanya anakagua wavu.

Ukutani, usawa wa bega langu, kuna mahali fundi aliegemea kabla chokaa haijakauka. Kiganja kizima, vidole vitano. Nikaweka wangu juu yake. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko wangu. Nikamuuliza mume wangu, hawa watu walijenga kwa taa gani? Kibatari? Mishumaa? Waliona wapi hata wakalipanga hivi? Walitengeneza kitu kizuri namna hii wakakifunika, wakajua hakuna atakayekiona, na wakakinyoosha vile vile. Mimi nikikunja shuka la wageni upande wa ndani nauficha tu ulivyokuja.

Wakati wa kutoka shemeji alinimulika usoni kwa bahati mbaya. Nilipofuka, nikapapasa ukuta kama kuku wa jioni, na wao wakacheka. Mume wangu alimwambia asimmulike mtu tena, mwanga ule amulike juu, juu kunatosha wote.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Jozi ya waridi nimeitoa kwenye chaja, nimeweka nyekundu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua, wameshuka mara mbili katika mapumziko ya mvua. Wavu ulinasa godoro. Shemeji anasema godoro lilikuwa zuri kuliko lake.

Jumatano, 2 Aprili

Injinia alikuja kutazama kazi. Wavu unazibuliwa haraka kuliko msimu wowote, soko halijafurika hata mara moja, na ofisi kuu wamempigia simu kumpongeza. Alinipa mkono, akasema nimechagua vizuri. Nilijibu kwamba ni mzani wa misumari uliochagua, lakini moyoni nilivimba. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwatazama watu sokoni wamepanga vitu vyao chini pakavu, nikawaza, hawajui kwamba wanasimama juu ya paa lile.

Jumatano, 9 Aprili

Shemeji kanijia stoo akijifanya anataka glovu. Kisha akasema lililomleta. Kaka yake siku hizi habanduki Ukumbini. Kazi ikiisha, yeye shemeji anatangulia kutoka, na kaka anasema nakuja, kumbe anabaki akitazama juu. Amegundua kwamba matofali ya mzunguko mmoja ni mekundu zaidi. Amegundua alama ya kidole juu kabisa. "Shemeji, umeolewa na kaka au kaka kaoa paa?" Nikamwambia mwenye wivu hapa ni mimi, asinitangulie.

Jioni nilimgusia mume wangu. Hakukasirika. Alisema anatazama mwanga kama kawaida, ukianza njano atatoka, sheria ni ile ile, ila tochi hizi mpya ni kiboko, njano yenyewe haijawahi kuja. Alisema kwa furaha. Na mimi nikafurahi. Nilimwambia hiyo ndiyo kazi ya betri nzuri.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua usiku kucha. Soko kavu.

Jumanne, 15 Aprili

Usiku umekwenda, lakini nikilala bila kuandika nitaota.

Asubuhi mvua ilikatika, wakashuka, na zamu ikawa ndefu kuliko zote za msimu. Mimi nilikuwa nafuta chaja. Anga juu yetu lilikuwa safi, ila nyuma ya vilima palianza kuwa peusi, na Filimbi akapuliza. Alipuliza mapema, hilo nitamsemea popote. Baada ya kitambo shemeji akatokea ngazini, amebeba mfuko wa vifaa, anahema. Akageuka nyuma kumsemesha kaka yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Shemeji alisema kaka alikuwa anakuja, aliusikia mshindo wa miguu yake. Kisha akasema hapana, labda ilikuwa maji. Tukaita kutoka mlangoni. Handaki lilikuwa limeshaanza ile sauti yake ya kujaa, kama lori linalopanda mlima, na sauti zetu hazikupita.

Nilijua. Sijui nieleze vipi, lakini wakati ule ule, nimesimama pale na kitambaa cha kufutia chaja mkononi, mambo mawili yaliyokuwa yamelala kichwani mwangu kila moja upande wake yalikutana. Injinia aliniambia kinga inakata. Mume wangu aliniambia anangoja njano. Betri hizi haziji njano. Zinakuwa nyeupe, nyeupe, nyeupe, halafu hakuna. Injinia hakujua habari ya njano, na mume wangu hakujua habari ya kinga, na mtu aliyeyajua yote mawili ni mimi, tena nilikuwa nimekwenda kununua sabuni.

Tochi ya shemeji nayo ilikuwa imewaka zamu nzima, kwa hiyo sikuitaka. Nilichomoa jozi ya zambarau kwenye chaja. Taa ya chaja ilikuwa bado nyekundu, haijajaa. Imejaa kiasi gani, Mungu ndiye ajuaye. Nikaitia kwenye tochi iliyobaki, nikashuka. Filimbi aliniita nirudi. Shemeji akaja nyuma yangu na kamba.

Kibaraza kilikuwa bado kikavu, lakini pale Ukumbini maji yalikuwa yanazunguka, ya kahawia, yakibeba matawi. Nikamulika mbele moja kwa moja. Sikuona kitu. Ukungu ulikuwa umejaa, na mwanga ukagonga ukungu ukarudi machoni kwangu kama ukuta mweupe. Nikaupeleka kushoto, kulia. Nikamwita kwa jina lake, lile ninalolitumia tukiwa peke yetu. Shemeji akasema ameona mkono kwenye wavu, nikamulika pale, na kweli alikuwa pale, upande wa mbali kabisa, maji kiunoni, amekumbatia nondo. Alijifunika uso kwa kiwiko. Nilikuwa nampofusha. Anajua njia, amepita pale nusu ya umri wake, lakini kati yetu na yeye kuna mfereji wa kina, na ukingo wa kukanyagia ni mwembamba, na mimi nilikuwa nammulika machoni.

Nikainua tochi juu.

Paa likapokea. Lote, mpaka lile tofali moja la katikati. Mwanga ukashuka kila upande, bila kivuli, ukapita juu ya ukungu, na Ukumbi mzima ukawa kama chumba kilichofunguliwa madirisha. Niliuona ukingo chini ya maji, mstari wake ulivyopinda. Nikamwona akiinua kichwa, akitazama juu kwanza, hata katika hali ile, kisha akatazama miguu yake. Akauachia wavu. Akaanza kuja akiwa amejibana ukutani, mguu mmoja baada ya mwingine.

Mikono yangu niliipa kazi moja tu, isitikisike. Nilikuwa najua sasa kwamba mwanga huu hautaniaga. Hautafifia nikapata kumpigia kelele aharakishe. Kila ulipokuwa mweupe sikujua kama ni mweupe wa mwisho. Sijawahi kuogopa kitu kizuri namna ile. Nilitazama juu, kwenye yale matofali, na nikawaomba waliojenga, watu nisiowajua, washike pamoja nami.

Alipofika pale penye alama ya kiganja, shemeji akamrushia kamba. Akaikosa. Shemeji akairusha tena, mume wangu akaishika, akavutwa mpaka kibarazani. Tulipanda ngazi tukiwa tumeshikana kama vipofu watatu, ingawa mwanga ulikuwepo.

Huko juu Filimbi alinibandua vidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimeishika tochi ikiwaka, mchana, nje, naelekeza mbinguni.

Jumatano, 16 Aprili

Amelala. Mapacha wamekaa mlangoni kwake mmoja kila upande, hawajagombana.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo amesema. Alikuwa anatazama ule mzunguko mwekundu, akasikia filimbi, akasema sekunde moja tu, mwanga bado mweupe. Kisha hakukuwa na mwanga. Alidhani ni macho yake. Aliigonga tochi, akaigonga tena, akaibonyeza, ikabaki kama jiwe. Alisubiri njano ije hata pale pale gizani, kwa mazoea, ameniambia hivyo na akacheka kidogo, na mimi sikucheka.

"Ulipowasha mara ya kwanza nilidhani nimeshakufa," akasema. "Ulipoinua juu ndipo nikajua ni wewe."

Nikamwambia yote, kinga na njano na sabuni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema hata angejua, angelitazama paa tu, kwa hiyo tugawane lawama. Simwamini sana, lakini nimekubali mgao.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumekaa stoo wote, na Injinia juu ya debe. Hakulaumu mtu. Alisikiliza habari ya njano kana kwamba anasomewa kitabu, akauliza maswali mengi, rangi gani hasa, inachukua muda gani. Alisema alisoma mambo ya betri miaka na miaka na hakuna aliyemwambia kwamba kuna watu wanaosoma saa kwenye rangi ya mwanga. Shemeji alishauri turudi kwenye tochi za zamani. Mume wangu alikataa kabla mtu hajafungua mdomo. Akasema bila tochi mpya asingeingia kwenye shida, na bila tochi mpya asingetoka.

Basi nikasema langu. Kila mtu abebe zote mbili. Ile kubwa mkononi, ya kuonea. Ile ya zamani kiunoni, yenye betri za redio, ikiwaka muda wote, si ya kuonea kitu bali ya kutazamwa. Kubwa haisemi inapokwisha, ndogo inasema. Kazi yangu ni kuchagua betri za ndogo zitakazokuwa njano mapema, kubwa ikiwa bado ina akiba ya kutosha kumtoa mtu mpaka mlangoni.

Injinia akaniambia nimletee orodha ya ninachohitaji.

Alhamisi, 24 Aprili

Kwa Mia kwa Mia. Nimemwambia nataka betri za redio za hali ya chini, zinazochoka upesi. Kashika tama. Maisha yake yote hajawahi kuulizwa hizo, na leo ndiyo siku pekee ambayo dukani kwake zipo za kweli, mia kwa mia.

Jumatatu, 28 Aprili

Kutwa nzima nimekaa stoo na tochi mbili zinaelekea ukutani, kubwa na ndogo, bila kutoka hata kwenda msalani. Ndogo ilianza njano, kubwa ikabaki nyeupe kwa muda wa kupika chungu cha maharage na kuyala. Kisha nikaona kwa macho yangu kile ambacho mume wangu alikiona. Nyeupe, na ghafla ukutani hamna kitu. Nywele zilinisimama, ingawa ilikuwa mchana na mlango uko wazi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Wameshuka, wametoka.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua kidogo. Wameshuka, wametoka. Shemeji anasema kaka yake siku hizi anatembea kiuno mbele kama bibi harusi.

Jumatano, 21 Mei

Mbingu zimefunguka, na Injinia kasema kesho tunafunga mlango wa chini mpaka msimu ujao. Betri za kijani nimezichaji nusu kama alivyonielekeza, maana zikilala zimejaa zinachoka, nikazifunga kila jozi kwenye kitambaa chake.

Kabla ya kufunga mume wangu aliomba tushuke, mimi na yeye. Nilibakiza jozi ya zambarau kwa ajili hiyo. Maji yalikuwa kifundoni tu, na matope yameacha mstari ukutani, juu ya kiganja cha yule fundi. Nilikisafisha kwa upindo wa kanga. Tukasimama katikati, akainua tochi, na paa likaja tena, jeupe, zima, kama vile halijui lililotokea chini yake. Nilidhani safari hii nitaliona la kawaida. Mwili wote ulinisisimka kama siku ya kwanza.

Yeye alitazama juu. Mimi nilitazama mara moja juu, kisha nikabaki naitazama ile ndogo kiunoni pake. Alinionyesha mzunguko mwekundu, alinionyesha ile alama ya kidole, nami nikasema naona, bila kuinua macho. Ilipoanza kuwa njano nilimvuta shati, na yeye akageuza kisigino bila ubishi.